Kete Zisizokoma: Udadisi wa Barazani na Elimu ya Kompyuta

Wako watu wanaodhani kwamba mhandisi wa programu za kompyuta ni mtu aliyejifungia chumbani, asiyejua lolote ila mashine yake. Miongoni mwa wanafunzi niliowafundisha chuoni, wale waliokuja kuwa hodari katika kazi hiyo hawakuwa hivyo hata kidogo. Walikuwa watu wa kuuliza maswali kila mahali: sokoni, jikoni, na hata barazani wazee wanapocheza bao. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini udadisi wa namna hiyo ndio msingi wa elimu ya kompyuta, na kwa nini nahofia kwamba tunaupoteza shuleni.

Tuchukue bao la Kiswahili. Ubao wake una mashimo 32 katika safu nne, na kete zake ni 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kete za mkononi huingizwa moja moja katika namua, na zikiisha, mtaji huanza. Watazamaji wengi huona burudani tu. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye leo anaandika programu kwa riziki yake, aliona jambo jingine. Alijiuliza: nitaielezaje sheria hii kwa mashine isiyojua hata maana ya shimo?

Swali hilo laonekana dogo, lakini hebu tulifuate. Kwanza itabidi mashimo 16 ya mchezaji yapewe nambari, tuseme tangu 0 hadi 15. Mchezaji akichota kete 5 katika shimo la 13, kete ya mwisho itaanguka wapi? Jumla ni 18. Tukitoa 16 inabaki 2, nayo ndiyo nambari ya shimo. Hesabu hii ya mzunguko ni ileile tuitumiayo kila siku tunaposema kwamba baada ya saa kumi na mbili huja saa moja.

Pili, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, na hakuna cha kula, mchezaji aghalabu huzichota zote na kuendelea kusambaza. Hapo mwandishi wa programu hukutana na swali zito: je, mwendo huu utakoma? Wachezaji wa omweso, mchezo wa Uganda ulio ndugu wa bao, wanajua vema kwamba upo mwendo usiokoma.

Msomaji anaweza kuthibitisha mwenyewe. Chimba mashimo mawili tu chini. Weka kete 3 katika la kwanza na 1 katika la pili. Chota zile 3, uzisambaze: moja shimo la pili, moja la kwanza, moja la pili. Sasa shimo la pili lina 3 na la kwanza lina 1. Kete ya mwisho imeangukia shimo lenye kete, basi chota tena. Utajikuta umerudi ulikoanzia, na utasambaza hata jua lichwe. Sasa rudia, lakini uanze na kete 3 na 2. Mwendo huo utakoma upesi. Kete moja tu imebadili kila kitu.

Mashine itatambuaje kwamba imenaswa? Ikiwa mchezaji hachagui lolote njiani, dawa ipo. Kete ni chache na mashimo ni machache, kwa hiyo mipangilio yake ina idadi maalumu. Mwendo usiokoma hauna budi kurudia mpangilio uliokwisha kupita, na programu ikiuona umerudi, isimame. Lakini mnamo 1936 Mwingereza Alan Turing alithibitisha kwamba haiwezekani kuwa na njia moja ya kutambua, kwa kila programu, kama itakoma au la. Ndipo tunapoona jinsi swali la barazani linavyomfikisha kijana kwenye mpaka wa sayansi yenyewe.

Wengine wamekwisha kupita njia hiyo. Mnamo 2002 John Romein na Henri Bal, wa chuo kikuu kimoja mjini Amsterdam, walitumia kompyuta kuchunguza awari, mchezo wa jamii ya bao wenye asili ya Afrika Magharibi. Walipitia mipangilio zaidi ya bilioni 889, wakathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Mchezo ni wa Afrika. Swali liliulizwa Ulaya.

Sisemi kwamba wazee wetu walivumbua kompyuta. Kujisifu kwa uongo si sayansi. Nasema kwamba maswali yako mlangoni petu, nasi tunayaruka. Mara nyingi tunafundisha kompyuta kama orodha ya majina ya sehemu zake. Mwanafunzi hukariri, hufaulu, kisha husahau.

Mwalimu atanijibu kwamba muhtasari ni mrefu, mtihani hauulizi bao, na shule haina mashine. Hoja hizo ni za kweli, wala bao halitoshi kushika mahali pa kompyuta. Kijana asiyewahi kuigusa amenyimwa haki yake. Hata hivyo, mashimo na komwe hazihitaji umeme. Mwanafunzi mmoja na aandike maagizo ya kusambaza kete, na mwenzake ayatekeleze neno kwa neno, bila kuongeza akili yake. Matokeo yakiwa mabaya, kosa litafutwe katika maagizo, lisahihishwe, na jaribio lirudiwe. Hiyo ndiyo kazi ya mhandisi wa programu kila siku, nayo yafundishika kwa kipindi kimoja.

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Mashine zitanunuliwa siku moja. Kijana aliyezoea kunyamazishwa kila aulizapo atakaa mbele ya mashine hiyo akingoja kuambiwa abonyeze wapi.