Neno la Mhariri: Amri Isikike, Ifahamike, Itimizwe



Toleo hili tumelitenga mahsusi kwa jambo ambalo huenda likaonekana geni kwa jarida linalotungwa hapa Rau, penye mto, majaruba ya mpunga na msitu wa miti mirefu, zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari: nalo ni mafunzo ya lugha ya Kiingereza kwa vijana wanaojitayarisha kwa kazi ya ubaharia. Lakini bahari si mgeni kwa watu wa mlima huu wa Kilimanjaro. Kahawa ya Kilimanjaro, tangu zama za chama cha wakulima kilichoasisiwa mwaka 1925 hadi chama cha ushirika cha KNCU kilichokirithi mwaka 1933, haikuwa na soko kubwa ila ng'ambo ya maji. Na reli iliyopanda kutoka Tanga ikafika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa, kwa hakika, mkono wa bandari ulionyoshwa mpaka penye mashamba. Wanaoteremka leo kutoka huku kwenda kusomea ubaharia Dar es Salaam hawafuati jambo lisilowahusu; wanaifuata njia ambayo mazao ya wazee wao yaliitangulia.

Hoja yetu ni moja, nasi tunaiweka mbele ya walimu kwa heshima na kwa yakini. Kiingereza cha baharia hakifai kufunzwa kama pambo la usomi wala kama mtihani wa sarufi. Chapasa kufunzwa kama kazi nyingine yoyote ya chomboni, kwa sikio na kwa ulimi na kwa kitendo, na maana ya kila amri ifafanuliwe kwanza kwa Kiswahili, ili mwanafunzi awe ameifahamu hatari yenyewe kabla ya kutakiwa kuisemea kwa lugha ya kigeni.

Sheria ya dunia katika jambo hili ni dhahiri. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, ujulikanao kwa herufi STCW, ulipitishwa mwaka 1978, ndio mwaka ambao mafunzo ya ubaharia yalianzishwa Dar es Salaam katika kituo ambacho sheria ya mwaka 1991 ilikigeuza kuwa Chuo cha Bahari. Kwa mkataba huo, uliorekebishwa mwaka 1995 na tena Manila mwaka 2010, afisa wa zamu hana budi kukijua Kiingereza cha kusema na cha kuandika, na hata baharia wa kawaida ashikaye usukani sharti aweze kutii amri za usukani katika lugha hiyo. Mwezi wa Novemba 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, likaidhinisha mkusanyo wa semi maalumu za mawasiliano ya baharini, zikachukua mahali pa msamiati uliotumika tangu 1977.

Mwenye kuzitazama semi hizo kwa makini ataona kwamba waliozitunga waliiogopa fasaha isiyo na mpaka. Jambo moja lina usemi mmoja, wala visawe havitakiwi. Swali la ndiyo au siyo halijibiwi kwa neno moja, bali kwa sentensi kamili, ili upepo ukilimeza neno la kwanza yasalie mengine ya kulifidia. Maneno yenye mashaka, yale yanayoweza kuwa idhini, au uwezo, au dhana tupu, yanaepukwa. Na palipo na hofu ya kutofahamiana, msemaji hutangaza kwanza ni namna gani ya ujumbe anaoutoa: agizo, nasaha, onyo, habari, swali, jibu, ombi, au nia. Amri ya usukani nayo hurudiwa na mshika usukani kwa sauti, kisha afisa huhakikisha kwamba imetimizwa sawasawa. Hapo hakuna nafasi ya majivuno: Mwingereza aliyezaliwa na lugha yake sharti ajifunze kujizuia, na kijana wa Kibosho au wa Pemba sharti ajifunze kuthubutu, nao wakikutana redioni, chaneli ya 16, hakuna mwenye daraja juu ya mwenziwe ila kwa kufahamika.

Asiyeona uzito wa jambo hili na azingatie misiba iliyokwisha kupita. Usiku wa tarehe 7 Aprili 1990 moto uliwaka katika meli ya abiria iitwayo Scandinavian Star, ikisafiri kutoka Oslo kwenda Frederikshavn, wakafa watu 159. Na miongoni mwa kasoro zilizobainishwa ni kwamba wengi wa mabaharia wake, Wareno walioipanda meli siku chache kabla, hawakuwa na lugha ya kuwaongoza abiria gizani na moshini. Tarehe 7 Novemba 2007, katika ukungu wa ghuba ya San Francisco, meli ya Cosco Busan iligonga nguzo ya daraja na kumwaga lita 200,000 hivi za mafuta, baada ya rubani Mmarekani na nahodha Mchina kutofahamiana juu ya maana ya alama katika ramani ya kielektroniki. Wote wawili walisema Kiingereza. Walichokosa ni kuhakikisha kwamba kilichosemwa ndicho kilichofahamika.

Sasa na tumtazame mwanafunzi wetu. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari ambako Kiingereza kilimjia ubaoni na daftarini, akakinakili kwa miaka minne au sita, akapasi. Lakini sikio lake halikupata kufundishwa. Lugha yake ina irabu tano tu, na maneno yake aghalabu huishia kwa irabu. Kwa hiyo maneno ya Kiingereza yanayopambanuliwa kwa irabu fupi na ndefu, au kwa konsonanti ya mwisho, humpotea. Kumi na tatu na thelathini za Kiingereza, kumi na tano na hamsini, hukaribiana mno kwa sauti, na ndiyo sababu desturi ya bahari ni kuzitaja tarakimu za mahali, za uelekeo na za saa mojamoja. Fauka ya hayo, atakaowasikia melini si wasomaji wa habari wa London, bali Wafilipino, Wahindi, Wachina na Waukraini, kila mmoja na lafudhi yake. Na darasa lisilomsikilizisha sauti hizo limemnyima nusu ya elimu.

Wako wasemao kwamba kukitumia Kiswahili darasani ni kukiharibu Kiingereza. Hatukubaliani nao. Pwani yetu ilikuwa na nahodha, rubani na sarahangi, na dira, na bildi ya kupimia kina, na joshi na demani, karne nyingi kabla ya kufika kwa meli za moshi, na watu walisafiri kwa kusi na kaskazi kati ya Unguja na Maskati kwa elimu iliyohifadhiwa katika lugha hii. Mwalimu anayeanza kwa kueleza kwa Kiswahili kwa nini chombo hiki kimpishe kile, kisha akafundisha usemi wa Kiingereza unaolitangaza jambo hilo, hujenga juu ya msingi. Naye anayeanza na usemi mtupu hupata wanafunzi wanaokariri bila kufahamu.

Wengine watasema kwamba semi chache hazimtoshi mtu atakayeishi melini miezi tisa, akasaini mkataba, akaandika taarifa, akaugua, akadai haki yake. Wanasema kweli, wala hatusemi masomo yaishie hapo. Tunasema tu kwamba utaratibu una maana: yale ya kuokoa roho yatangulie, na ufasaha ufuate.

Tena haifai kusahau kwamba mkataba wenyewe wa STCW unawataka wahudumu wa meli za abiria waweze kusema na abiria kwa lugha wanayoifahamu abiria hao. Kati ya Dar es Salaam, Unguja na Pemba lugha hiyo ni Kiswahili. Msiba wa meli ya Spice Islander I, Septemba 2011, ulitokana na kupakia kupita kiasi, si na lugha. Lakini onyo la baharini katika maji yetu lapasa kutolewa kwa ufasaha katika lugha ya abiria, na chuo kinachofundisha Kiingereza pekee kimefanya taksiri.

Basi tunawaomba walimu wa vyuo vya bahari wapunguze karatasi na waongeze redio, zamu za kuigiza, na kurudia amri mpaka ulimi uzoee. Tunawaomba watungaji wa mitihani wampime mwanafunzi kwa kusikia na kujibu, si kwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Na walimu wa sekondari za Moshi na viunga vyake tunawasihi waanze sasa kuwafundisha watoto kusikiliza. Nawe msomaji uliyewahi kushika zamu baharini, utuandikie ujuzi wako, kwa kuwa tajriba yako ni elimu ambayo walimu wengi wa lugha hawanayo, nao wanaihitaji.