Soksi ya Goti Siyo Dawa: Mastaa Acheni Kucheza na Magoti ya Watu

Mjini sasa hivi ukiingia gym yoyote, kuanzia zile za kishua za Masaki mpaka zile za chini ya mwembe ambako chuma ni bomba lenye makopo mawili ya zege, hukosi kumkuta mtu na soksi za magoti. Zile nyeusi, nene, za kubana, zinazoanzia juu kidogo ya goti na kuishia kwenye ugoko. Zamani zilikuwa za mabaunsa na watu wa vyuma vizito tu. Leo dada anayetembea kwenye mashine dakika kumi anazo, kaka anayepiga pushapu anazo, na yule anayekuja kujipiga picha kwenye kioo halafu anaondoka naye anazo.

Hapo hakuna ubaya. Nguo ni ya mtu na mwili ni wake. Ubaya umeanza pale mastaa waliponusa hela.

Kuna staa mmoja wa kike, jina kapuni, ana wafuasi wa kuujaza Uwanja wa Mkapa mara kadhaa na wengine wakabaki nje. Huyu kaposti video anapiga skwati, taa nzuri, muziki unagonga, kajipaka mafuta mpaka ugoko unang'aa. Ujumbe wake ni kwamba goti lilimsumbua muda mrefu, kavaa soksi hizi, goti limepona kabisa. Bei? Njoo inbox.

Kuna baunsa mmoja naye, anajiita kocha ingawa haijulikani kafundishwa na nani. Huyu kila mteja mpya anamuuzia pea siku ya kwanza, kabla hata hajamuona anavyochuchumaa. Maelezo yake ni kwamba ukishavaa unaweza kuongeza kilo ishirini siku hiyohiyo na goti halitasikia kitu.

Halafu kuna mrembo wa tatu, huyu ndiye kiboko. Yeye anauza soksi hizohizo kwa madai kwamba zinayeyusha mafuta ya goti. Mafuta ya goti, jamani! Mtu akivaa mpira kwenye joto la Dar lazima atoke jasho, na jasho ni maji na chumvi. Akinywa chupa moja ya maji, kilichotoka kimerudi. Wale waliouziwa mikanda ya tumbo kwa hadithi hiihii wanajua mchezo unavyoishaga.

Ukweli wa soksi hizi uko hivi. Kazi yake ipo. Nyingi zinatengenezwa kwa neoprini, mpira laini uleule wa nguo za wapiga mbizi. Zinatunza joto, na goti lililopata moto linakunjuka kwa raha kuliko lililopoa. Zinabana, na ule mbano unamfanya mtu alisikie goti lake vizuri zaidi anaposhuka na kupanda. Baadhi ya watu maumivu madogo yanapungua wakiwa wamezivaa. Ndiyo maana wanyanyuaji wengi wanazipenda, na wana haki ya kuzipenda.

Basi, kazi yake imeishia hapo. Soksi haiungi kano iliyochanika. Haioteshi gegedu iliyolika. Haijengi misuli ya paja hata kidogo. Ukiivua, goti linabaki lilelile uliloingia nalo gym.

Watetezi wa mastaa huwa na swali moja wanaloliona la kufunga mjadala: mbona wanyanyuaji wa kimataifa wanavaa? Wanavaa, ndiyo. Tena IPF, shirikisho la kimataifa la pawalifti, ule mchezo wa skwati, benchi na kuinua chuma kutoka sakafuni, linaruhusu soksi za magoti kwenye daraja lake la kawaida, lile lisilo na mavazi maalumu ya kusaidia kunyanyua. Ila linaweka mipaka: unene usizidi milimita 7 na urefu usizidi sentimita 30. Zile bandeji ndefu zinazozungushwa goti kwa kukazwa haziruhusiwi kwenye daraja hilo. Sababu inaeleweka: bandeji inavutika mtu anaposhuka na inamrushia nguvu anapopanda, kwa hiyo inambebea sehemu ya mzigo. Soksi msaada wake kwenye uzito ni mdogo, ndiyo maana imeachwa.

Sasa kocha wa mjini anamuahidi mtu kilo ishirini kwa kitu kilichoruhusiwa kwenye mashindano kwa sababu hakibebi kilo nyingi! Huyo mnyanyuaji wa kimataifa kafika pale kwa miaka ya kuongeza uzito kidogokidogo, ana mwalimu anayemwangalia kila anaposhuka, na goti likiuma anapunguza chuma au anakwenda kutibiwa. Mastaa wamechukua vazi lake wakaacha nidhamu yake.

Ubishi wote huu ungekuwa wa kuchekesha kama usingekuwa na watu wanaolipia. Kuna binti mmoja wa miaka ishirini na kitu, anafanya kazi kwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa maeneo ya Mwenge. Alianza gym kwa nia njema, kupunguza mwili na kupata nguvu. Baada ya muda goti la kulia likaanza kumuuma akishuka ngazi na akisimama baada ya kukaa muda mrefu. Kwenye posti ya staa akauliza kwa heshima zote kama soksi zitamsaidia. Alichojibiwa ni alama za moto tatu na njoo inbox.

Akanunua. Kweli, wiki ya kwanza gym ikawa rahisi. Goti lina joto, limebanwa, maumivu yametulia. Akaona kapona, akaongeza chuma. Wiki iliyofuata akaongeza tena. Akivua soksi nyumbani goti linalalamika, lakini kesho yake akivaa linanyamaza. Akaenda hivyo kwa miezi, mpaka siku goti likavimba na kukataa kukunjika. Sasa hivi anashuka ngazi ubavuubavu kama kaa wa Kigamboni, na kazi yenyewe ni ya kukaa kutwa kwenye kiti kifupi, kitu ambacho goti lake halitaki kukisikia.

Tuhuma ziwe za haki: soksi haikumuumiza. Chuma nacho hakina kosa. Skwati kwa mtu mwenye goti zima, anayeongeza uzito taratibu, ni zoezi zuri, na Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Kilichomponza binti ni ahadi. Maumivu yalikuwa yanampa taarifa, akauziwa kitu cha kuizima taarifa, halafu akaambiwa huko ndiko kupona. Hela aliyotoa inaweza kurudi. Ile miezi ambayo goti lilikuwa bado linarekebishika kirahisi hairudi.

Na urekebishaji wenyewe kwa maumivu ya namna ile mara nyingi ni kitu cha kawaida mno, pengine ndiyo maana hakuna staa anayekitangaza. Unapunguza uzito kwa muda. Unapunguza kina cha kuchuchumaa mpaka pale pasipouma. Unaimarisha misuli ya mbele ya paja na ya makalio, kwa mazoezi mepesi yanayopandishwa taratibu. Kano zinachelewa kuzoea mzigo kuliko misuli, kwa hiyo mtu anaweza kujisikia ana nguvu za kubeba kumbe goti bado halijakubali. Yote hayo hayana bei ya inbox. Hakuna cha kufungasha kwenye kiboksi na kukitumia bodaboda.

Halafu hata kuuza kwenyewe hawajui. Soksi ya goti inanunuliwa kwa kipimo. Mtu anachukua futi ya fundi cherehani, anazungusha mguu pale jedwali la mtengenezaji linapoelekeza, anasoma sentimita, anachagua saizi. Hawa wetu wanaandika saizi moja inavaa kila mtu. Mwembamba ikimpwaya, kavaa pambo. Mnene ikimkaza kupita kiasi, mguu unakufa ganzi, unachomachoma, unapoa, na hizo ni dalili za kuivua palepale, siyo za kuvumilia kwamba ndiyo inafanya kazi. Mwenye matatizo ya mzunguko wa damu miguuni alitakiwa amuone daktari kabla hajabana chochote. Hilo nalo halipo kwenye posti.

Unene pia siyo fasheni. Zinapatikana za milimita 3, 5 na 7, nyembamba kwa mazoezi ya kukimbia na kurukaruka, nene kwa vyuma vizito. Anayekimbia Coco Beach na za milimita 7 anajipikia magoti bure. Wanaojua wanazivaa kwenye seti nzito, wakimaliza wanazishusha mpaka kwenye vifundo vya miguu damu ipite na ngozi ipumue. Wakifika nyumbani wanazifua kwa mkono na kuzianika. Za mjini zinaishi ndani ya begi wiki nzima, na walio jirani kwenye benchi ndio wanaojua zinanukaje. Joto, jasho na uchafu vikikutana na ngozi, vipele havikawii.

Watakuja wanaosema hii yote ni wivu, kwamba staa naye anatafuta ugali na hajamshikia mtu bunduki. Kutafuta ugali ni halali. Lakini Uingereza na Marekani, staa aliyelipwa kutangaza bidhaa anatakiwa aseme wazi kwamba hilo ni tangazo, kwa sababu wenzetu wameshaelewa kuwa shabiki humsikiliza staa kama anavyomsikiliza rafiki. Shabiki wa Bongo naye ana macho na magoti kama wa London. Staa akisema goti langu limepona kwa sababu ya kitu hiki, hapo kashaacha kuuza nguo, kaanza kutoa tiba. Na anayetoa tiba anapaswa kuwa na majibu mgonjwa akirudi anachechemea. Binti wa Mwenge aliporudi inbox kueleza yaliyomkuta, alikuta kapigwa bloku.

Wengine watasema hospitali ni gharama, soksi ni nafuu. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu hela za vijana wengi zinajulikana zinavyopatikana. Ila kupunguza chuma ni bure. Kupumzisha goti wiki mbili ni bure. Na kuna hali ambazo soksi haitakiwi hata kutajwa: goti lililovimba, goti linalokwama, goti linaloachia ghafla mtu anatembea, goti lililotoa mlio mkubwa siku ya kuumia halafu likajaa. Hilo linahitaji daktari na mtaalamu wa fiziotherapia. Dar ina Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na hospitali nyingi kubwa nazo zina vitengo vya fiziotherapia. Waliofuatilia mpira wanajua, mchezaji akichana ile kano ya katikati ya goti na kufanyiwa upasuaji anakaa nje miezi tisa au zaidi. Huyo ana timu ya kumlipia na daktari wa klabu. Binti wa kibanda cha pesa asipofungua kibanda hana mshahara.

Mastaa wanaweza kuendelea kuuza na wala hakuna atakayewasumbua. Waandike kwamba soksi inatunza joto, inabana, inampa mtu ujasiri kidogo kwenye seti nzito. Waandike saizi na unene. Waandike bei hadharani kama muuza mitumba wa Karume anavyoitangaza kwa sauti, maana anayejiamini na mzigo wake hafichi bei. Na shabiki akiuliza kuhusu goti linalouma, wamjibu kwamba hilo wao hawalijui, aende kwa anayelijua. Sentensi moja tu. Itawapunguzia oda mbili tatu, na itamwachia mtu mmoja goti lake.

Wakishindwa hata hilo, basi wenye magoti wajue wenyewe: soksi inavaliwa na goti zima linalokwenda kazini. Goti linalouma kwanza liulizwe lina nini.

Wadau mnasemaje? Nani kashauziwa hizi na zimemfanya nini? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.