Jua la Phoenix si Jua la Kasulu



Familia nyingi huku Kasulu zina ndugu au majirani wa zamani, waliokuwa kambi ya Nyarugusu, ambao leo wanaishi Marekani. Baadhi yao wako Phoenix, katika jimbo la Arizona, mji uliojengwa ndani ya Jangwa la Sonora. Vijana hao wakituma picha, mara nyingi wako mlimani, wamevaa viatu vya michezo, na chupa ndogo ya maji mkononi. Wazazi hufurahi. Sisi wauguzi tukiiona ile chupa hatufurahi sana.

Hatumkatazi mtu kutembea. Anayekwenda kazini kwa gari na kurudi kwa gari anahitaji kutembea, presha na kisukari visije vikamkuta mapema. Ndani ya mji huo kuna njia nzuri iitwayo Freedom Trail, inayouzunguka mlima Piestewa Peak kwa kama kilomita 6 na kukurudisha pale ulipoanzia. Mlima huo una jina la Lori Piestewa, askari wa kabila la Wahopi aliyefariki Irak mwaka 2003. Njia yenyewe ni changarawe, mawe, kupanda na kushuka kwa kiasi. Kwa aliyekulia kubeba kuni, kilomita 6 ni kitu gani? Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kasulu iko juu, ina mawingu na miti. Phoenix mwaka 2023 ilipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto la mchana lilifika nyuzi 43 au zaidi. Midungusi ya kule haina kivuli cha kumtosha mtu. Tena hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na mtu anadhani hatoki jasho kumbe anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Wengine husema, "Sisi Waafrika tumezoea jua." Mwili huzoea joto kwa wiki moja hadi mbili za kukaa nalo, na aliyeishi kwenye kiyoyozi huyapoteza mazoea hayo upesi. Rangi ya ngozi haipozi damu.

Njia ya mzunguko ina mtego wake. Ukifika nusu, kurudi na kuendelea ni sawasawa kwa umbali. Kwa hiyo anayesikia kichwa kuuma, kichefuchefu au misuli kukaza akiwa theluthi ya kwanza, arudi alikotoka, asione aibu kwa wenzake. Anayetumia vidonge vya presha vya kukojoza maji amwulize daktari wake kabla ya kwenda.

Tangu mwaka 2021 mji huo hufunga njia za Piestewa Peak na za mlima Camelback siku za onyo la joto kali, hadi saa 11 jioni. Wapo wanaolalamika kwamba uhuru wao umeingiliwa. Sisi tunasema mji umefanya vema. Uamuzi huo ulikuja baada ya wazimamoto waliokwenda kuokoa watu kuugua wenyewe kwa joto. Uhuru wako wa kupanda saa 7 mchana unalipiwa na mtoto wa mwenzako anayekubeba kwenye machela. (Mbwa walitangulia kulindwa: tangu mwaka 2016 hawaruhusiwi katika njia hizo joto likifika nyuzi 38.) Ila tuwe wakweli, kufunga mlima hakutoshi. Mwaka ule wa 2023 wilaya ya Maricopa, ulipo mji huo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto, na sehemu kubwa ya marehemu hawakuwa wapanda milima bali maskini wasio na makazi.

Sasa wazazi, mkipiga simu waambieni hivi. Watembee kuanzia Novemba hadi Machi. Wakilazimika wakati wa joto, waanze alfajiri na wawe wamerudi kabla jua halijapanda. Kila mtu abebe lita 2 au zaidi, na kitu cha chumvi cha kutafuna. Wasiende peke yao.

Mwenzao akianza kuropoka, kuyumba au kuanguka, hiyo si malaria, na paracetamol haisaidii. Wapige 911 mara moja. Wakati wanasubiri wamweke kivulini, wamvue nguo za juu, wammwagie maji yote waliyo nayo shingoni, kwapani na kwenye mapaja, na wampepee bila kuacha. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Wasingoje kwanza afike hospitali ndipo apozwe, kwa kuwa ubongo unaungua dakika zile zile wanazomsubiria gari.