Oili ya Pikipiki ya Baba



Katika safu hii tumezoea kuzungumza juu ya unga, ada za shule na afya ya watoto. Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya chombo kinachoweza kumeza fedha za vyote hivyo kwa siku moja, nacho ni ile pikipiki kuukuu ya baba.

Tunazisema zile za zamani za mipigo miwili, ambazo mafundi huziita tu-stroki: Yamaha DT na AG100, Suzuki TF na nyingine za ukoo huo. Wainjilisti na mabwana shamba walizipanda miaka mingi. Siku hizi barabara zimejaa pikipiki za mipigo minne kutoka India na China, lakini hizi za kizee bado zimo katika nyumba nyingi, hasa milimani na kando ya misitu. Baba anayo sababu ya kuipenda. Ni nyepesi, na injini yake huwaka kila mzunguko badala ya kila mizunguko miwili, kwa hiyo ina nguvu kuliko umbo lake. Katika vijia vya msituni kama vya Usambara, penye mizizi, utelezi na vijito, chombo kizito humshinda mtu. Hiki kikianguka topeni, mpandaji hukiinua peke yake.

Tatizo ni kwamba kikifa, mara nyingi hufa ghafula. Ndipo linapokuja lile neno tunalolijua: "Mama, injini imekufa." Tunanung'unika, tunatoa akiba, na baada ya miezi michache neno linarudi. Wengi wetu tumeliona jambo hili kuwa mkosi. Akina mama, si mkosi. Lina sababu, na sababu yenyewe mara nyingi ni oili au vumbi.

OILI HUUNGUA

Injini ya mipigo minne ina oili yake chini, nayo huzunguka na kurudi. Hii ya mipigo miwili haiko hivyo. Oili inayolainisha pistoni huingia pamoja na petroli, huungua, na kutoka kama moshi. Ikikosekana, pistoni hupata moto, huvimba na kunasa ndani ya silinda. Gurudumu la nyuma huweza kujifunga wakati chombo kinakwenda mbio, na mpandaji akarushwa. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya oili tunazungumza juu ya uhai wa baba, wala si fedha peke yake.

Baadhi huchanganywa oili ndani ya tangi la petroli. Kipimo hutegemea aina ya pikipiki na oili, na kitabu chake ndicho kinachosema kweli. Kikisema sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, basi lita 5 zinahitaji mililita 100, yaani chini ya nusu kikombe cha chai. Kikisema 1 kwa 25, zinahitaji mililita 200. Kupima kwa macho ni hatari. Nyingine zina kitangi cha oili cha pembeni na pampu, mtindo ambao Yamaha walianza kuutumia mwaka 1964. Hapo kosa ni kusahau kuangalia kitangi. Kikikauka, injini huendelea kunguruma kama kawaida mpaka inase. Inunuliwe oili ya 2T, na oili ya gia boksi ni nyingine kabisa.

Baba pia akumbuke mteremko mrefu. Akifunga mafuta kabisa na kuiachia injini izunguke, oili nayo hupungua. Afungue kidogo kila baada ya muda. Na akisikia injini inaanza kukaza, akamate klachi mara moja.

CHUJIO NA PLAGI

Chujio la hewa la sponji ni kazi ambayo hata sisi tunaiweza. Lioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likamuliwe bila kusokotwa, likauke kivulini, kisha lipakwe oili na kukamuliwa tena. Lisioshwe kwa petroli, kwa maana petroli huweza kuachanisha gundi yake na kuleta moto. Kiangazi cha vumbi huhitaji kuoshwa mara nyingi zaidi. Chujio lililochanika huingiza mchanga, na mchanga husaga pistoni na ringi.

Plagi nayo hutoa habari za injini. Ncha ya rangi ya chokoleti ni afya njema. Nyeusi yenye majimaji yaonyesha oili au petroli imezidi, au chujio limeziba. Nyeupe yaonyesha injini inapata joto kupita kiasi, labda hewa inaingia pasipotakiwa. Hapo safari iahirishwe mpaka fundi aone.

Baada ya kuvuka kijito, breki za ngoma hulowa na kukosa nguvu. Azikanyage polepole huku akienda mpaka zikauke. Na kofia ngumu ifungwe mkanda, hata kama ni kwa jirani tu.

NDANI YA NYUMBA

Wengi wetu huiingiza pikipiki sebuleni usiku kwa kuwaogopa wezi. Hapa tunaomba tusikilizane sana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka kwenye jiko la mkaa au taa, na moto ukarudi nao. Koki ya mafuta ifungwe kila jioni. Chombo kinachovuja kisilale chini ya paa moja na watoto. Wala kisiwashwe ndani, hata dakika moja. Moshi wake una sumu isiyonuka.

Petroli na oili visiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akinywa petroli, tusimtapishe, bali tumkimbize hospitali. Akiungua kwa eksozi, tumwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta.

TUSEME NA BABA

Tunawashauri mweke daftari dogo: tarehe ya oili, ya kuosha chujio, ya plagi, na fedha zilizotumika. Tengeni fungu la oili kila mwezi, kama mnavyotenga la sabuni. Chupa ya oili ni bei ndogo sana ukilinganisha na pistoni, ringi na kuchongesha silinda, tena vipuri vya pikipiki hizi vinazidi kuwa adimu. Daftari likionyesha kwamba chombo kinakula kuliko kinavyoleta, mtakaa pamoja na kuamua kukiuza, bila mmoja kumlaumu mwenzake.

Lakini tuangalie namna ya kusema. Tusimwulize baba mbele ya fundi wala mbele ya watoto. Mke mwenye hekima huuliza asubuhi, kabla ya safari, kwa sauti ya kawaida: "Baba, oili ipo?" Swali hilo halimdharau mtu. Tena akizoea kuliulizwa kwa upendo, atalijibu kabla hujauliza.

Tunawakumbuka wale wanawali watano wenye busara katika Mathayo 25. Wote kumi walikuwa na taa. Waliotofautiana ni wale waliochukua na mafuta ya akiba. Usiku ulipokuwa mkubwa, tofauti hiyo ndogo ikaonekana. Mwombeeni baba anapotoka, na kabla ya kuomba, tazameni kitangi.