Nyumba Yetu Imeandikwa kwa Jina la Nani?

Mama mwenzangu, je, unaijua namba ya hati ya nyumba unayolala? Sisemi namba iliyobandikwa mlangoni. Nasema namba ya hati yenyewe, pamoja na namba ya kiwanja na kitalu chake. Ukiwauliza akina mama wa Soweto, wa Pasua au wa Majengo hapa Moshi, wengi watakujibu kwamba hati anayo baba watoto, ameifungia kabatini. Na ufunguo wa kabati anao nani? Baba watoto huyo huyo.

Si vibaya mume kutunza hati. Vibaya ni mke kudhani kwamba kabati la mumewe ndilo mahali pekee ambapo habari za nyumba yao zimeandikwa. Serikali ina daftari lake. Humo imeandikwa kiwanja ni cha nani, kama kimewekwa rehani benki, kama kuna mtu ameweka zuio, na kama kimeuzwa. Daftari hilo linatunzwa chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, ambayo asili yake ni ya mwaka 1953, na sheria hiyo inamruhusu mtu yeyote kuomba kulikagua akilipa ada iliyowekwa. Kazi hiyo huitwa upekuzi. Soma tena: mtu yeyote. Huhitaji barua ya mumeo.

Sisi wa Moshi tulikuwa na bahati, maana ofisi ya msajili wa hati wa kanda ya kaskazini ilikuwa hapa hapa mjini, hata watu wa Arusha walishuka huku kwa shughuli hizo. Siku hizi mambo yanahamia kwenye kompyuta. Wizara ya Ardhi imekuwa ikitoa kumbukumbu kwenye mafaili na kuziingiza katika mfumo uitwao ILMIS, ulioanzia Dar es Salaam. Wenzetu wa Kenya walizindua mfumo wao wa Ardhisasa tarehe 27 Aprili 2021, wakianza na Nairobi. Ni jambo jema. Faili linaweza kuliwa na mchwa, tena linaweza "kupotea" siku ile ile unapolihitaji na kuonekana kesho yake baada ya mtu kupewa chochote. Kompyuta haiombi chai.

Lakini inaomba ada, na hapo ndipo penye mjadala.

Kuna wanaosema kwamba daftari ni la umma, limeandikwa na watumishi wanaolipwa kwa kodi zetu, basi kulitazama kuwe bure. Wengine wanasema kompyuta, umeme na wataalamu vina gharama, na anayehitaji habari ndiye alipe, si mkulima wa Rombo ambaye hana kiwanja mjini. Duniani hawakubaliani. Katika jiji la New York mtu yeyote hufungua kumbukumbu za hati za nyumba kwenye intaneti na kuzisoma bila kulipa hata senti. Uingereza daftari lilikuwa limefungwa kabisa kwa watu wa nje. Bila ruhusa ya mwenye mali hukuliona, mpaka lilipofunguliwa kwa wote mwezi Desemba 1990. Kwa miaka mingi nakala ya ukurasa mmoja wa nyumba iliuzwa huko kwa pauni 3, na Desemba 2024 ikapandishwa kuwa pauni 7. Kenya, kabla ya Ardhisasa na baada yake, watu walizoea kulipa shilingi 500 za kwao kwa upekuzi mmoja.

Utasema shilingi 500 za Kenya si nyingi. Kwa wakili si nyingi, wala kwa benki au dalali wa viwanja, na hao ndio wateja wakubwa wa daftari. Sasa mfikirie mama anayeuza ndizi Mbuyuni. Hana simu kubwa, kwa hiyo anakwenda kwa kijana wa steshenari, naye ana bei yake. Anapewa namba ya malipo, analipa kwa simu, na mtandao wa simu unakata chake. Mara nyingi mifumo hii inataka kitambulisho cha taifa na simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, na tunawajua akina mama wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume au la mtoto. Ikitokea ameandika namba ya kiwanja vibaya, anaweza kuanza upya. Ada iliyoandikwa ukutani ni moja, lakini aliyotoa mfukoni ni nne. Halafu kuna gharama isiyoandikwa popote: kijana wa steshenari ni mpwa wa bwana, na jioni habari zimeshafika nyumbani.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu ya kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu hicho kinasema kwamba mume au mke hawezi kuuza, kutoa zawadi, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Kinasema pia kwamba mwenzake ana haki inayoweza kulindwa kwa kuweka zuio kwenye daftari. Sasa angalia mlango wa nyuma: aliyenunua nyumba hiyo anaweza kujitetea mahakamani kwamba hakujua, wala hangeweza kujua, kwamba kuna mke. Zuio likiwamo daftarini, utetezi huo umekufa, maana mnunuzi mwenye busara hutazama daftari kwanza.

Upande wa rehani, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na marekebisho yake ya mwaka 2004 yanataka mke au mume aridhie ndipo rehani ya nyumba ya ndoa iwe halali. Lakini tangu sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, mkopeshaji amepewa njia ya kuegemea kiapo cha mwombaji kuhusu ndoa yake. Mwanamume akiapa kwamba hana mke, amefanya kosa, naam, lakini fedha zimekwisha toka. Mke hujua siku ile dalali anapofika na kipaza sauti. Kama mama huyo angeweza kutazama daftari mara moja kwa mwaka, kama tunavyokagua dari kabla ya mvua za masika, angeiona rehani ingali changa.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Karatasi yenye mhuri, inayopelekwa mahakamani au benki, ilipiwe, hakuna ubaya. Lakini kutazama tu, kujua kama nyumba bado ina jina lile lile na kama ina deni, kuwe bure, au kwa uchache kuwe bure kwa yule ambaye sheria yenyewe inamtambua kuwa ana haki ndani ya nyumba hiyo. Serikali haipotezi mengi kwa hilo. Kesi moja ya nyumba iliyouzwa kwa siri hula fedha na miaka kuliko ada za kijiji kizima.

Wako watakaosema kwamba daftari likiwa bure litageuka uwanja wa umbea, kila mtu akichungulia jirani ana viwanja vingapi. Umbea tunaujua. Lakini ada haimzuii mmbea mwenye fedha. Humzuia mwenye shida asiye na fedha. Kama tatizo ni faragha, dawa yake ni kuandika nani amefungua ukurasa gani na lini, jambo ambalo kompyuta inaliweza vizuri sana. Hata hivyo mke naye anaweza kuumizwa na kumbukumbu hiyo ikisomwa na mumewe, na hapo wanaounda mifumo wangefanya vema kuwauliza akina mama kwanza.

Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka habari ya Yeremia alipolinunua shamba kule Anathothi, katika sura ya 32. Hati ziliandikwa mbili, moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, mbele ya mashahidi. Hata wakati ule walielewa kwamba hati iliyofungwa peke yake haitoshi.

Na huku juu mlimani je? Marangu, Machame, Kibosho, Uru, vihamba vingi havimo katika daftari la hati hata kidogo. Daftari letu lilikuwa masale yaliyopandwa mpakani, makaburi ya wazee chini ya migomba, na kumbukumbu ya majirani. Nalo lilikuwa na ada yake! Wazee hawakuitwa kuonyesha mpaka bila mtungi wa mbege. Ubaya wa daftari lile haukuwa mbege, bali ni kwamba wasomaji wake walikuwa wanaume, na mjane aliulizwa mwisho au hakuulizwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imesema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi haina nguvu. Sheria hiyo hiyo imeweka hati za hakimiliki za kimila, na daftari lake liko ofisi ya kijiji, na jingine wilayani. Hati hiyo inaweza kubeba majina mawili, la mume na la mke. Ukisikia kijiji chenu kinapimwa, usibaki jikoni ukipikia wapimaji. Kaa kikaoni mpaka uone jina lako linaandikwa, na ulisome herufi kwa herufi, maana kurekebisha jina lililokosewa ni safari nyingine ya mjini.

Kwa mliopo mjini: siku hati itakapotolewa kabatini kwa sababu yoyote, labda kulipia kodi ya pango la ardhi, nakili namba ya hati, kiwanja na kitalu kwenye daftari lako la mapishi. Upekuzi bila namba hizo ni kazi ngumu. Ukienda ofisi ya ardhi, uliza ada kabla ya kutoa fedha, lipa kwa namba ya malipo ya serikali tu, na udai stakabadhi. Atakayekwambia lazima uje na mumeo ndipo daftari lifunguliwe, mwombe akuonyeshe sheria inayosema hivyo.