Aliyechimba shimo alifukie

Wasee, kila mvua ya Novemba ikishika huku Ukambani naona picha zilezile. Watu wamevaa fulana za bure wanafyeka nyasi, chini wameandika "tuangamize malaria". Mita mia mbili kutoka hapo kuna mashimo ya matofali yamejaa maji, na hakuna anayeyaangalia. Manze, huko ni kujidanganya.

Mbu wa malaria, Anofelesi, hazaliwi kwa nyasi. Anazaliwa majini. Na si kwa mtaro unaonuka. Yule wa karibu na choo mara nyingi ni aina nyingine kabisa. Hawa wetu wanapenda maji safi, yasiyo na kina, yanayopigwa na jua. Jua linayapasha moto, mwani unaota, viluwiluwi wanakula na kukua mbio. Shimo likiwa jipya halina samaki wala wadudu wa kuwala. Kwa joto kama letu, yai linakuwa mbu anayeruka kwa wiki moja hadi mbili. Maji yakiwa baridi, anachelewa. Dimbwi likikauka siku ya tano, wote wamekufa. Kwa hivyo swali ni moja: maji yamekaa siku ngapi, na nani ameyafanya yakae?

Desemba iliyopita ndugu yangu mdogo alilazwa siku nne kwa malaria. Nyuma ya nyumba tuliyopanga kuna shimo la mtu wa matofali. Nilichota maji kwa bakuli jeupe. Viluwiluwi walikuwa wamelala bapa juu ya maji kama vijiti. Hao ndio wenyewe. Wale wengine huning'inia kichwa chini. Nikafunika bakuli na kipande cha neti, nikarekodi kila siku. Siku ya tisa walikuwa wanaruka. Nikamwonyesha mwenye shimo hiyo video. Akacheka, akaniambia nirudi chuo.

Ni kweli, chuo niliacha mwaka wa pili. Lakini kuhesabu hadi tisa hakuhitaji digrii.

Sasa twende mtoni. Kitui na Makueni tunajulikana mbali kwa mabwawa ya mchanga. Ukuta unajengwa kwa mto wa msimu, mchanga unajikusanya nyuma yake, maji yanajificha ndani. Jua haliyafikii, na mbu hapati pa kutaga. Kisha lori linakuja usiku, mchanga unaenda kujenga ghorofa Nairobi. Kinachobaki ni mashimo hadi kwenye mwamba, maji yako wazi juani. Tumeuza mfuniko wa maji yetu, tukabaki na kitalu cha mbu.

Najua mtakuja kwa komenti: "Unataka vijana wakose kazi?" Buda, hapana. Binamu yangu anapakia huo mchanga, na ndio unalipa karo ya watoto wake. Chimba, lakini ukimaliza fukia, ama toboa njia maji yatoke. Kama faida ni yako, kwa nini homa iwe ya jirani?

Na sheria ipo. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu maji yanayozalisha mbu kuwa kero. Makueni walipitisha sheria yao ya mchanga mwaka 2015. Kaunti zinatoza ushuru wa mchanga. Sehemu ya hiyo pesa ifukie mashimo.

Hili si jambo la ndoto. Brazil, miaka ya 1930, waliingiliwa na mbu kutoka Afrika, akaua maelfu. Wakamfuata dimbwi kwa dimbwi, na kufikia mwisho wa 1940 walikuwa wamemmaliza. Sisi hatuwezi kummaliza hivyo, huyu ni wa hapa na ameenea kila mahali. Lakini hayo mashimo hayakuletwa na mvua. Yalichimbwa na mtu, na huyo mtu mnamjua.

Chandarua lala ndani, sijakataa. Ila Jumamosi mkitoka na hizo fyekeo, bebeni pia majembe na bakuli jeupe. Chota, angalia. Ukiona vijiti vimelala bapa, piga picha, mtafute mwenye shimo, na mwakilishi wa wadi yako aione pia. Una siku kama saba hivi kabla hawajaruka.