Majeruhi wa bodaboda asipakiwe mshikaki



Huku Kyerwa na Karagwe, mkoani Kagera, bodaboda ikianguka, majeruhi hupakiwa mshikaki kwenye bodaboda nyingine: dereva mbele, ndugu nyuma, yeye katikati, shingo ikining'inia. Kama pingili ya shingo imevunjika, safari hiyo ndiyo inayoweza kuumaliza uti wa mgongo. Alazwe chali juu ya ubao, hata mlango uliong'olewa, kichwa na shingo vishikiliwe visicheze.

Tena anayezinduka, akaongea, hata akadai simu yake, asituhadae. Damu huweza kuvujia ndani ya fuvu taratibu; baada ya saa kadhaa anaanza kutapika na kusinzia. Majimaji maangavu yakitoka sikioni au puani, huenda kitako cha fuvu kimepasuka. Msizibe kwa pamba.

Kwa upasuaji wa ubongo, wengi wetu hupelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Daraja la Kigongo–Busisi, njiani kwenda Mwanza, lililofunguliwa Juni 2025, limetuondolea foleni ya kivuko, lakini saa nyingine tunazipoteza wenyewe nyumbani, eti "tumwangalie kwanza". Halmashauri zetu mbili ziwafundishe madereva vijiweni, Nkwenda, Kayanga na Omurushaka. Ndio wanaofika kwanza.

Msomaji,
Nkwenda, Kyerwa